Bi Unga Anataka Kulala

Nina hasira, na asije mtu kunishika bega aniambie, "Tulia, mama." Nimeshatulia vya kutosha. Nilitulia tangu mashine ile ilipoingia nyumbani mpaka jioni ile mkaza mwanangu alipotoka mlangoni akiacha nyayo zinazong'aa sakafuni, na utulivu wangu huo nusura umgharimu mtu vidole.

Nianze na mwenyewe, mke wa mwanangu. Anaoka mikate. Simsemi mtu wa kuoka mkate mmoja wa nyumbani, akaufunika kwa kitambaa na kusubiri sifa. Anaoka kiwandani, usiku kucha, ili nyie mkiamka mkute dukani mkate ungali na joto, mpate kulalamika kwamba umekuwa mdogo. Anaondoka jua likizama, anarudi watu wanapiga mswaki. Na anarudi mweupe. Unga umemkaa kwenye nyusi, kwenye kope, ndani ya masikio, na akipiga chafya mlangoni inabidi nifagie. Ndiyo maana mtaa ulimwita Bi Unga. Jina limemganda hata mumewe anamwita hivyo, nami pia, ila nikiwa na shida naye namwita mwanangu.

Alipoletwa kwangu mara ya kwanza nilimtazama mikono. Sura sina haja nayo, sura huchakaa. Mikono yake mipana, vidole vifupi, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama, na viganja laini ajabu kwa kushinda ndani ya donge la unga. Aliniamkia, akanipa mkono, nikahisi nimeshikwa na mto. Lakini usidanganyike na ulaini. Siku moja mlango wetu wa bati ulikwama, wanaume wawili wakausukuma kwa mabega wakashindwa. Yeye akaweka kiganja, akausukuma taratibu kama anatandaza donge, na mlango ukaingia ndani pamoja na fremu yake, pamoja na mwanamume mmoja.

Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa iende.

Kule kazini kwao kuna mashine ya kukandia. Ni pipa la chuma, na ndani yake mna mkono wa chuma uliopinda kama wa mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Unazunguka, unazunguka, hauulizi umeshika nini. Gunia zima la unga unalifanya donge kabla hujamaliza kujikuna. Kazi ya Bi Unga ni kusimama kando yake, kutia unga, kutia maji, kukwangua donge linalopanda pembeni. Aliyesimama hapo kabla yake alikuwa baba wa watu, mzoefu. Mafuta ya kupaka trei yakamwagika sakafuni, hakuna aliyefuta. Baba akateleza, akanyoosha mkono apate pa kushika, akashika pasiposhikika. Siku hizi anauza maji barabarani, na chenji anakurudishia kwa mkono wa kushoto.

Bi Unga alipopewa nafasi ile alinieleza tukinywa chai. "Mama, pale nina maadui wawili tu. Usingizi na utelezi. Nikiingia nimeshalala, na kiatu changu kikavu, ile mashine hainiwezi."

Basi yeye hulala. Na nikisema hulala, usifikirie kulala kwenu huku, kwa kugeukageuka na kuchungulia simu. Huyu analala kama amelipwa. Upepo uliwahi kung'oa paa letu mchana kweupe, bati zikaruka zikatua uwanja wa shule, na yeye akavuta shuka tu akasema, "Fungeni mlango." Watu husema mimi natia chumvi. Chumvi gani? Mafundi waliokuja kupigilia bati walipigilia juu ya kichwa chake na hakuamka. Ukitaka kujua kwamba usingizi umemkolea, msikilize. Kule kwao, anayesimama mbele ya tanuri akiona mikate iko tayari hupaza sauti, "Imeiva! Toa!" na wote wanakimbilia trei. Bi Unga akizama kabisa usingizini hulisema neno hilo kwa sauti nzima, kisha anatabasamu. Nikilisikia najua leo atakwenda kazini salama, nami naendelea na mambo yangu.

Sasa tuje kwa mume. Nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo nina kibali cha kumsema. Ni fundi umeme, na umeme anaujua, shida yake ni kichwa kisichokaa kwenye kiti. Aliwahi kufuga sungura, wakatuzidi idadi. Aliwahi kuotesha uyoga chini ya kitanda, ukaota hadi ndani ya viatu vyangu. Chumba chao alikigawa kwa plaiwudi: upande huu kitanda, upande ule nyaya zake na vikorokoro vya kazi. Plaiwudi yenyewe nyembamba kiasi kwamba mtu akibadili nia upande huu, wa upande ule anasikia.

Siku moja akaingia na boksi amelikumbatia kama kichanga kilichotoka hospitali.

"Nini hicho?"

"Mashine ya kuchimba, mama."

"Kuchimba nini?"

"Pesa."

"Wapi?"

"Mtandaoni."

Mimi kuchimba nakujua. Kuna kuchimba kisima, kuna kuchimba dawa safarini nyuma ya kichaka, na kuna kuchimba mkwara. Hiki cha kwake nilikitazama juu na chini, sikuona jembe, sikuona shimo.

"Inachimba kwa hesabu, mama. Inashindana na wenzake dunia nzima kutafuta jibu. Ikilipata, tunalipwa sarafu za mtandaoni."

Akaichomeka. Lo! Haikuwa ngurumo, maana ngurumo hupumzika. Ulikuwa mluzi wa mtu mwenye pafu lisiloisha. Jogoo wa jirani alipanda ukutani, akafungua mdomo awike, akafikiri, akaufunga. Paka wetu alihama bila kuaga. Nasikia sasa anaishi kwa wachomelea vyuma, anasema huko kuna amani.

"Hesabu gani zinafanywa kwa makelele hivi?" nikapiga ukelele.

"Kelele ni za feni, mama! Inafikiri sana, inachemka, feni zinaipoza!"

"Wewe darasani mbona hukuwahi kupata moto?"

Hakusikia. Au alisikia.

Asubuhi Bi Unga akarudi. Akasimama mlangoni na nyusi zake nyeupe, mfuko wa mkate mkononi, akatega sikio. "Mama, mmeanza kusaga mahindi humu ndani?" Mumewe akamweleza yote, shimo lisiloonekana, sarafu zisizoshikika. Na alipoona uso wa mkewe haufurahi, akamgusa bega akamwambia, "Utazoea."

Utazoea! Neno hilo ningekuwa na uwezo ningelitia kwenye gunia, nikafunga kamba, nikalizamisha mtoni. Mwenye kusema "utazoea" siku zote ni yule ambaye hayamwumi.

Alilala chali, macho wazi, akitazama bati. Alasiri akaamka kama hakuwa amelala, maana kweli hakuwa amelala. Kesho yake vilevile. Akahamia kitandani kwangu, lakini mluzi ule ulikuwa unapita ukutani kama mwenye nyumba, na isitoshe wananisingizia kwamba nakoroma. Siku zikaenda. Nyusi nyeupe, na macho mekundu chini yake. Neno lake la usingizini sikulisikia tena.

Nikamwambia mwanangu, "Zima hicho kitu mkeo akiwa amelala."

"Ikizimwa wenzake wanaipita, mama. Lakini usijali, naitengenezea sanduku. Haitasikika."

Akapiga sanduku la mbao, akalipamba ndani kwa sponji nene. Kelele zikapungua kweli, zikabaki kama za mbu mwenye kiburi. Nikafurahi. Nikajiuliza, hii sponji nzuri hivi ameipata wapi? Kwenda kutandika kitanda chao nikakuta godoro limekatwa upande wa miguu.

"We mtoto! Godoro la mkeo?"

"Bi Unga ni mfupi, mama. Hafiki kule chini."

Naapa, nilitafuta mwiko nikaukosa, na ndiyo bahati yake. Lakini sanduku lenyewe halikumaliza hata wiki. Joto lilikosa pa kutokea, sponji ikaanza kutoa harufu ya kuungua, na mashine ikawa inajizima kwa kuchemka, inawaka tena, inalia zaidi kuliko mwanzo kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Hapo ndipo nilipoelewa shida yote ya mashine hii. Ukitaka inyamaze, inachemka. Ukitaka ipoe, inapiga kelele. Na mwanangu katikati, simu mkononi inayomwonyesha joto lake, anaisoma amekunja uso kama daktari wa zamu. Joto la mashine alilijua asubuhi, mchana na jioni. La mkewe hakuuliza.

Akatoboa sanduku, akaunga bomba la bati, lile jembamba lenye mikunjo, akalipitisha dirishani ili hewa ya moto iende nje. Nje ya dirisha lile ni baraza ya jirani yetu, msusi. Asubuhi ya kwanza nikamsikia:

"Nani huyu ananipumulia mgongoni? Jamani! Shoga, huko kwenu mmefuga joka?"

Nikadhani sasa nimepata mwenzangu wa kugombana naye. Kumbe msusi ana akili ya biashara. Mteja wake aliyetoka kuoshwa nywele alikuwa amekaa karibu na bomba, na nywele zikakauka kabla hajamaliza umbea. Kufika mchana kulikuwa na foleni ya wanawake wenye vichwa vimelowa, wanapokezana mbele ya bomba letu. Mmoja alileta nguo zake za kufua. Mwingine alileta mume wake, alikuwa amenyeshewa.

"Unaona, mama?" mwanangu akanambia, meno yote nje. "Kila mtu anafaidika."

"Mkeo je?"

"Naye nimemfikiria." Akatoa mfukoni kifurushi cha pamba. Za kuziba masikio.

Bi Unga alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro lililokatwa miguuni. Akaipokea pamba, akaigeuzageuza. "Pamba huwekewa maiti, mume wangu," akasema taratibu. "Mimi bado nangoja zamu." Akaiweka juu ya dirisha.

Huyo ndiye Bi Unga. Hapigi kelele. Akiudhika anapunguza sauti, na mtu mjinga hudhani ameridhika. Nyumbani kwangu mjinga alikuwepo.

Haya. Asubuhi moja akarudi na koti lake jeupe la kazi lenye mkono mmoja.

Nilikuwa naota jua mlangoni. Nilitazama bega lile lililochanika, nyuzi zinaning'inia, na moyo wangu ukateremka mpaka kwenye kandambili.

"Mkono wa koti uko wapi?"

"Umeliwa."

"Na wako?"

Akaunyanyua, akachezesha vidole kimoja kimoja mbele ya macho yangu, kama unavyomchezea mtoto. "Huu hapa, mama. Nilisinzia. Macho yalikuwa wazi, nilikuwa nakwangua donge vizuri tu, kumbe nimelala. Kushtuka nikasikia navutwa. Mwenzangu akaruka akazima." Akashusha mkono. "Msimamizi amesema akinikuta tena nasinzia pale, ananiondoa. Na ana haki. Bora aniondoe yeye kuliko ile."

Nilimshika mkono ule nikaukagua mbele na nyuma, kama sikumwamini. Kisha nikaingia ndani. Mwiko safari hii nilijua ulipo.

Yule bwana alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku.

"Simama!" Akasimama. Ni mrefu, lakini mbele yangu huwa anajua kujikunja. "Mkeo karudi na koti nusu. Unajua nusu nyingine iko wapi? Iko kwenye mkate, kuna mtu leo anatafuna kifungo! Na mkono wake ungekuwa humo humo!"

Uso wake ulibadilika. Sitamwonea, ulibadilika kweli. Alitoka mbio akaenda kumshika mkewe mikono, akaibusu, akalia. Nikashusha mwiko. Nikasema, alhamdulillahi, mtoto amepata akili.

Mwenye akili angechomoa waya. Mwanangu alifuta machozi akasema, "Nimepata dawa. Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Nimeona kwenye video. Unang'oa feni zote, hakuna kelele tena. Unaizamisha mashine nzima kwenye mafuta. Mafuta hayapitishi umeme, hayaiui, yanabeba joto. Pampu ndogo inayasukuma nje kwenye rejeta ya gari, yanapoa, yanarudi. Kimya, Bi Unga! Kimya kama kaburi!"

"Kaburi tena," Bi Unga akasema. Lakini alichoka mno kubishana.

Kwenye video hiyo, nilikuja kuambiwa baadaye, walisema mafuta maalumu, meupe kama maji, yasiyochacha. Lakini lugha yetu hii nayo, neno moja tumelitwisha mizigo yote. Ya kupikia, mafuta. Ya taa, mafuta. Ya gari, mafuta. Ya kujipaka baada ya kuoga, mafuta. Mwanangu aliingia mtaani kutafuta mafuta, na duka la kwanza alilokutana nalo lina kibao, MAFUTA YAPO, akaona Mungu amemjibu. Akarudi na madumu ya mafuta ya kupikia. Nashukuru duka la mafuta ya taa liko ng'ambo ya barabara, maana angeanzia huko sasa hivi ningekuwa nawasimulia haya kutoka mawinguni.

Akaweka beseni kubwa la plastiki juu ya meza, akaitumbukiza mashine, akamimina. Nje akafunga rejeta kuukuu. Akawasha.

Na sidanganyi. Kimya.

Kimya chenyewe kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilisikia kope zangu zikipigana. Jogoo wa jirani alitazama huku na huku, akawika, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. Bi Unga aliporudi asubuhi yake alisimama mlangoni muda mrefu, kama mtu aliyekosea nyumba. Hakula. Alivua viatu vyake vya kazi, akavipanga mahali pake chini ya ukuta wa plaiwudi, akatundika koti jipya kwenye msumari, akalala. Nikakaa kibarazani nikingoja. Jua likapanda. Ndipo nikasikia kutoka ndani, kwa sauti nzima:

"Imeiva! Toa!"

Machozi yalinitoka, mimi mwanamke mzima. Nilimpikia mwanangu chai yenye maziwa mengi, nikamtilia na sukari ya ziada. Chai hiyo naijutia mpaka leo.

Maana mafuta ya kupikia ni mafuta ya kupikia. Yakipata moto yananukia. Siku ya kwanza mtaa ulidhani tuna sherehe. Msusi alichungulia dirishani, "Shoga, leo mnakaanga nini?" nikamjibu, "Kompyuta," akacheka mpaka akamchoma mteja sikio. Watu wakawa wanapita polepole mbele ya nyumba yetu wakimeza mate. Baadaye mafuta yakageuka rangi, yakawa mazito, harufu ikachacha. Sisimizi wakaja kwa mstari kutoka mtaa wa tatu, wakaleta na wazee wao.

"Ananuka, huyo mgonjwa wako," nikamwambia.

"Mtazoea, mama."

Nikanyamaza. Unajua kwa nini? Kwa sababu Bi Unga alikuwa analala. Macho yalikuwa yamerudi meupe. Nikasema, inuke inavyonuka, ilimradi mtoto wa watu analala. Hilo ndilo kosa lililonitia hasira hii isiyopoa.

Mashine ilipata umeme wake kutoka upande wa kitanda, ndiko kwenye soketi. Waya ulitoka ndani ya beseni, ukapita tundu la plaiwudi, ukashuka upande wa pili mpaka chini, na pale chini mwanangu alikuwa ameuunganisha na mwingine kwa utepe. Sasa mafuta, yule shetani, hayakai beseni ukiyapa njia. Yaliingia kwenye waya, ndani kabisa, katikati ya zile nyuzi za shaba, yakapanda taratibu, yakapita tundu, yakashuka ng'ambo. Mchana kutwa Bi Unga akilala usingizi wake mtamu, pale kwenye utepe palikuwa panadondoka. To. Kimya. To. Na chini ya utepe ndipo mahali pa viatu vyake.

Jioni hiyo aliamka amechelewa. Akavaa koti haraka, akaingiza miguu kwenye viatu palepale penye giza, akanibusu kichwani. "Mama, niombee."

"Nenda, mwanangu."

Akatoka. Mimi nikainama kuokota kijiko kilichoanguka, na nikiwa nimeinama hivyo, jua la mwisho likaingia mlangoni likapita sakafuni. Nikaona nyayo. Nyayo zinazong'aa, moja baada ya nyingine, kutoka chumbani kwao mpaka kizingitini. Nikagusa. Nikanusa kidole.

Utelezi.

Magoti yangu haya, ambayo kwa kawaida huomba ruhusa kabla ya kunyanyuka, siku hiyo hayakuniuliza. Nilitoka mbio. Niliwapita vijana wa mpira. Nilimpita mwenye baiskeli, akanipigia kengele nikamwambia ipigie nyanya yako. Kandambili moja iliniacha njiani, na mpaka leo haijarudi. Nikamkuta anakaribia barabara kubwa.

"Bi Unga! Rudi! Vua!"

Watu wakageuka. Yeye akasimama, akadhani nimepata kichaa. "Mama, nivue nini barabarani?"

"Viatu! Tazama chini!"

Akanyanyua mguu, akapitisha kidole kwenye soli. Akakitazama kidole kile kinavyometa. Alivua kimoja, akavua cha pili, akavishika mkononi, akaanza kurudi nyumbani peku. Nilimwuliza, "Mwanangu, uko sawa?" Akanijibu kwa sauti ndogo sana, ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo:

"Niko sawa, mama."

Hapo nikajua mtu ameisha.

Mumewe alikuwa ndiyo ametoka kazini, anafuta mikono. "Kulikoni? Umesahau nini?"

Bi Unga alivibwaga viatu mbele yake. Mafuta yakatapakaa. Yule bwana akavitazama, akatazama utepe, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye tundu, na mimi nilimwona akielewa hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Aa. Yamepita ndani ya waya. Hilo nitali..."

"Kimya kama kaburi, si ndivyo ulivyosema?" mkewe akamkatiza.

Akaacha kufuta mikono.

Bi Unga alishika plagi, akaichomoa. Rejeta nje ikakata roho. Akaingia upande wa pili, akakunja mikono ya koti mpaka juu ya viwiko. "Bi Unga, subiri, ni nzito, ina makali, ngoja niitoe kwa utaratibu wake," mumewe akasema akimfuata. Wapi. Mikono ile ilizama ndani ya mafuta vuguvugu kama inavyozama kwenye donge, ikaipapasa mashine, ikaikamata kwa chini, ikaiinua. Mafuta yakamchuruzika viwikoni, yakaloa koti, yakaloa sakafu. Akapita nayo mbele yangu, amenyooka kama anabeba trei. Akafika kitandani. Akailaza upande wa mumewe, juu ya mto wake, akaivutia shuka.

"Imeiva," akasema. "Lala nayo."

Akanawa kwa sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Akavaa koti lake la akiba. Viatu vyake vilikuwa havifai, basi akachukua viatu vya kazi vya mumewe, vikubwa kama mitumbwi, akainyakua ile pamba ya masikioni juu ya dirisha, akaisokomeza mbele ili visipwaye. Akaondoka. Nilitazama sakafuni nyuma yake. Pakavu.

Mwanangu alibaki amesimama. Nilimsogezea kitambaa cha kufutia. "Anza hapo," nikamwambia. "Utazoea."

Alfajiri Bi Unga alirudi na vidole vyote, nilivitazama kabla ya kumwitikia salamu. Mashine haikuwepo. Mwanangu aliibeba kabla mkewe hajafika, akaipeleka anakojua yeye, na sikuuliza. Plaiwudi niliing'oa mimi mwenyewe, sasa inazuia kuku. Beseni lile halikubali sabuni, tumempa msusi aoteshee maua, na hayo maua yananuka maandazi. Mwanangu mwenyewe amepata kazi ya kulaza nyaya chini ya ardhi. Anachimba, sasa. Kwa sururu. Anarudi jioni viganja vimevimba, ananionyesha, mimi namwambia pole huku nageukia ukutani nicheke. Akilala miguu yake inaning'inia nje, maana godoro bado fupi na mrefu ni yeye.

Mnaniambia basi, imekwisha, msamehe. Mkewe amemsamehe, hilo ni shauri lake. Mimi bado. Kila asubuhi nakaa hapa mlangoni na mwiko wangu mapajani. Jana alikuja muuza ndoo, akanyanyua mkono apige hodi, nikamtazama, akaushusha. Akanong'ona, "Shikamoo, bibi. Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Kuna mtu analala. Pita."

"Nina ndoo nzuri..."

Nikainua mwiko. Na palepale, kutoka ndani, kwa sauti nzima iliyomfanya muuza ndoo aziangushe zote barabarani:

"Imeiva! Toa!"

"Umesikia?" nikamwambia. "Okota ndoo zako polepole. Moja moja. Na ikilia hata moja, nakuja."